Unyevu Umefika Kozi ya Ngapi

Jumatatu, Machi 18

Wewe Ajwang, injinia mzima mwenye shahada, unawezaje kumpa mtu daftari bila kalamu? Nimeazima ya mwalimu wa darasa la pili, nayo inavuja. Na tena uliniambia mbele ya Mwalimu Mkuu, polepole, kama unalisha mtoto uji: "Mama, utaandika mambo mawili tu. Mvua imenyesha au haijanyesha. Unyevu umefika kozi ya ngapi." Eti kozi ni mstari mmoja wa mawe ukutani. Nimezaa fundi mimi! Nimepiga deki shule hii miaka thelathini na moja, nilianza wewe ukiwa bado unatambaa. Niliachia darasa la nne huko Mwala, lakini kuandika naandika. Na mambo mawili hayanitoshi.

Haya. Mvua: haijanyesha. Unyevu: kozi ya pili, ukuta wa ukumbi upande wa jikoni. Nimepiga mstari wa chaki.

Jina langu ni Kavindu. Walimu huniita Mama Kitonga, watoto huniita shosho, yaani bibi. Shule ina jina refu kwenye bango la lango, lakini mjini ukiuliza Shule ya Mawe utaelekezwa. Juu ya mlango mkubwa kumechongwa 1913.

Watu wa kaunti walikuja Februari, wakagusa ukuta wa ukumbi, mkono ukarudi umelowa. Wakasema muhula wa pili ukifunguliwa kama ukuta bado unapandisha maji, watapiga X nyekundu. Hakuna mtu Nairobi asiyeijua hiyo X. Nyumba ikishaipata inangoja tingatinga, na watoto mia sita watagawanywa kama maharagwe shule nyingine. Bodi ndiyo ikamleta Ajwang atafute maji yanatoka wapi. Amechimba kona mbili, amepima mabomba yote, hajui. Ripoti yake inatakiwa Ijumaa, Aprili 26.

Jumanne, Machi 19

Haijanyesha. Kozi ya pili.

Jumatano, Machi 20

Imenyesha saa tisa mchana, kubwa. Kozi ya pili.

Mwalimu Mkuu Obuya ameweka ndoo tatu ukumbini. Nimemuuliza, "Mwalimu, ndoo za nini? Paa halivuji." Akasema, "Pole, Mama Kitonga, ni kujiandaa tu." Huyu mtu wa Vihiga alikuja hapa miaka mitatu iliyopita na neno lake la kwanza lilikuwa pole, na bado hajapata la pili. Mtoto akimkanyaga, yeye ndiye anasema pole. Shule kama hii inataka mtu wa kupaza sauti.

Paa halivuji kwa sababu ni vigae vyekundu vilivyoletwa na meli kutoka Bara Hindi. Kwangu Riruta mvua ikianza, mabati yanapiga kelele mpaka jirani anapunguza ugomvi kwa sababu hasikilizwi. Hapa mvua ikinyesha unasikia kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Nimesimama katikati ya ukumbi na fagio nikasikiliza. Miaka thelathini na moja, na bado nasimama.

Ijumaa, Machi 22

Imenyesha. Kozi ya pili na nusu.

Ajwang alikuja akasoma daftari, akacheka. Akasema, "Mama, endelea hivyo hivyo." Nikamwambia sikuomba ruhusa.

Alitaka kujua kama zamani kulikuwa na panya, eti panya hutoboa mabomba. Nikamwonyesha cheti changu kilichotundikwa stoo: CHETI CHA HESHIMA KWA KUWAMALIZA PANYA. Nilipewa na mwalimu mkuu aliyekuwepo kabla ya Obuya, siku ya wazazi, nikapigiwa makofi na leso nikavishwa. Miaka sita sasa hakuna panya hata mmoja. Ajwang akasema, "Hongera, Mama." Nikamwambia asante. Aandike na hilo.

Jumatatu, Machi 25

Imenyesha. Pili na nusu.

Jumanne, Machi 26

Imenyesha asubuhi na jioni. Kozi ya tatu. Chaki ya jana imeyeyuka ukutani kama machozi.

Jumatano, Aprili 3

Imenyesha. Kozi ya tatu.

Leo niandike vizuri, kwa sababu leo nimeona kitu.

Ajwang alikuja na ngazi ya aluminiamu, akasema anapanda darini. Nikamwambia nami napanda. "Mama, hapana. Ukianguka nitamwambia nini Kitonga?" Nikamwambia, "Mwambie mama yake alianguka kazini." Obuya akashika ngazi chini huku akisema pole kabla hata sijakanyaga.

Nilidhani juu kuna popo na vumbi. Popo wapo, vumbi lipo. Lakini watu wangu, nilipoinua tochi! Boriti nene kama kiuno changu zimepita kutoka ukuta mpaka ukuta, na juu yake nyingine zimesimama zimeegemeana kama wazee wanaosali. Nikatafuta msumari. Hakuna. Mbao zimechongwa ulimi na shimo, ulimi ukaingia shimoni, ukafungwa kwa kijiti cha mbao. Nimejaribu kuingiza ukucha katikati, haukupita. Miaka mia moja na kitu, na ukucha haupiti! Kitonga wangu anajenga gorofa huko Kileleshwa, bado watu hawajahamia na mlango wa jikoni tayari hausogei.

Katikati ya paa kuna kile kibanda kidogo kinachoonekana kutoka barabarani, kama nyumba ya njiwa. Mimi siku zote nilijua ni cha kengele ya zamani. Sivyo. Kwa ndani kiko wazi mpaka chini, na pande zake nne ni mbao za mlazo zenye nafasi, hewa inapita, mvua haipiti. Ajwang akaniambia nitazame dari. Yale maua ya mbao yaliyotobolewa, ambayo nimeyatazama kutoka chini nikidhani ni urembo wa wazungu, kila ua ni tundu.

Akasema, "Mama, hii nyumba inapumua. Hiki kibanda ndicho pua. Hewa ya joto inapanda, inapita kwa maua, inatoka hapa, na ikitoka inavuta nyingine kutoka chini. Aliyechora hii alikuwa na akili ya kutisha."

Nikamwambia, "Na waliochonga je? Aliyechora alichora akiwa amekaa."

Akacheka, akasema kweli. Tukakaa juu ya boriti mimi na yeye, miguu inaning'inia, binti wa suruali na bibi wa leso mbili. Nilikuwa nimemwona kama mtoto wa kupewa cheo. Lakini alipapasa ile mbao kwa kiganja jinsi mama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa, nikamkubali moyoni mwangu.

Kisha akasema, "Kitu kimoja kinanisumbua. Hewa ya kutokea hapa lazima iingilie mahali, chini kabisa. Nimezunguka jengo lote, chini ni plasta tupu na rangi nyeusi. Labda hawakumaliza. Labda walijaza udongo chini ya sakafu na pua ikabaki ya bure."

Nilishuka ile ngazi bila kuhesabu vipago.

Alhamisi, Aprili 4

Imenyesha. Tatu.

Ijumaa, Aprili 5

Shule imefungwa. Imenyesha. Tatu na nusu.

Jumatatu, Aprili 8

Imenyesha. Tatu na nusu.

Ukurasa huu nitaung'oa kabla Ajwang hajaja.

Matundu yalikuwepo. Yamezunguka jengo lote, chini ya kila dirisha, upana wa trei ya chai. Kila moja lilikuwa na chuma kizito kilichotengenezwa kama majani ya mnazi yaliyosukwa. Mimi mwenyewe niliyapangusa miaka ishirini na tano. Sikuwahi kujiuliza ni ya nini. Nilijua ni ya maji ya deki kutokea, ingawa hayakutoka maji hata siku moja. Mtu akizoea kitu, hakioni.

Halafu wakaja wale wa vyuma chakavu. Kwanza walichukua vifuniko vya mitaro barabarani, kisha kengele ya uwanjani, kisha likizo moja ya Desemba wakang'oa vyuma vyote vya matundu. Januari panya wakaingia kama wamealikwa harusi. Wakala chaki, wakala ramani ya Afrika kuanzia Misri. Mwalimu mmoja alifungua droo mbele ya mkaguzi, panya akamrukia mkaguzi tai. Aibu ilinipata mimi, kwa sababu usafi ni wangu.

Nikampigia Kitonga. Akaja na saruji mifuko minne, Jumamosi mbili, bure, kwa ajili ya mama yake. Akaziba yote. Nikasema nataka lisionekane hata moja, akapiga plasta kuzunguka chini yote na rangi nyeusi juu yake. Kazi safi. Panya wakaisha. Nikapigiwa makofi.

Mimi ndiye niliyeiziba nyumba pumzi. Nilisimama pale na kikombe cha chai nikimwonyesha fundi, hapa umeruka, rudia.

Jumanne, Aprili 9

Imenyesha. Kozi ya nne. Ukurasa sijaung'oa bado. Nyuma yake kuna vipimo vya Machi nilivyonakili, nitavihamisha kwanza.

Jumatano, Aprili 10

Imenyesha. Nne.

Ijumaa, Aprili 12

Imenyesha. Nne. Ajwang amepiga simu badala ya kuja, barabara ya kwao imejaa maji. Nimemsomea namba tu.

Jumatano, Aprili 17

Imenyesha. Nne na nusu. Ukumbi unanuka kama shimo la viazi.

Kitonga alikuja Riruta kunisalimia, na Emmah binti yake, anayesoma hapa Mawe darasa la tano. Emmah aliona daftari akasema, "Shosho, kwani unafanya mtihani?" Nikamtuma dukani akanunue sukari ambayo ipo.

Nikamwambia Kitonga yote. Akaweka kikombe chini.

"Mama, si ni wewe ulinipigia simu ukilia? 'Kitonga lete saruji, panya wananiaibisha.'"

"Nilisema uzibe panya. Sikusema uzibe nyumba."

"Panya anazibwaje bila shimo?"

"Wewe ndiye fundi! Fundi anaona mashimo ishirini na mawili yamepangwa kama meno na haulizi ni ya nini?"

"Nilikuuliza! Ukasema, 'Hayo ni ya maji ya deki, Kitonga, unanifundisha shule yangu?'"

Ndivyo nilivyosema kweli. Hata sauti aliipata.

Akaanza tena, chini chini. "Mama, pale Kileleshwa ndiyo wamenifanya msimamizi, mwezi wa pili huu. Injinia wakijuana wanasemezana. Wakisikia Kitonga ndiye aliharibu nyumba ya miaka mia, nitarudi kubeba zege."

"Nani amesema watasikia?"

"Basi usiseme. Kuna mtu anajua? Mwalimu mkuu wa zamani amestaafu yuko kwao. Nyumba imezeeka, Mama. Ingeanguka tu."

Emmah akarudi bila sukari, eti duka limefungwa. Tukanywa chai wote watatu kama watu wanaongoja daktari.

Ijumaa, Aprili 19

Imenyesha. Nne na nusu.

Obuya amevunja sakafu. Alikuwa anasogeza madawati mwenyewe ukumbini, kwa sababu tarishi ameenda likizo, na mbao ikalia mara moja, mguu wake ukazama mpaka gotini. Nilimkuta amekaa pale chini na suruali imechanika, anasema, "Pole, Mama Kitonga, nimeharibu sakafu yako." Sakafu yangu! Damu inamtoka na anaomba radhi kwa mbao.

Nikamfunga kwa leso. Kisha nikamulika lile shimo kwa tochi ya simu.

Hakuna udongo uliojazwa pale. Ni uwazi. Nililala kifudifudi, na miaka yangu hii, nikaingiza kichwa. Chini ya sakafu ninayoisugua kuna nyumba nyingine. Nguzo fupi za mawe, makumi, zimesimama safu kwa safu mpaka mwanga wa simu ukaisha, na kila safu imeunganishwa na tao dogo la mawe, limekatwa kwa unadhifu ule ule wa matao ya veranda ambayo wageni hupiga picha. Nani angewaona huko? Hakuna. Hata hivyo walichonga kana kwamba gavana atapita huko kwa magoti. Mtu alijipinda gizani akasawazisha jiwe ambalo halitatazamwa, akaridhika, akahamia linalofuata. Mimi hufagia vizuri zaidi pale mkaguzi anapopita. Niliona haya mbele ya watu waliokufa zamani.

Lakini hewa ile ilikuwa imekufa. Nzito, baridi, kama pumzi ya mtu aliyelala siku nyingi na mdomo umefumbwa. Boriti za sakafu zimeota kitu cheupe kama nywele za mzee. Matone yananing'inia kila mahali. Maji aliyokuwa akiyatafuta Ajwang ndiyo hayo. Ni unyevu wa ardhi yenyewe, ule mfinyanzi mweusi wa Nairobi. Ulizoea kutoka na upepo kila siku, tukaufungia mlango, ukapanda kwa ukuta.

Obuya akauliza, "Kuna nini huko?" Nikamwambia, "Kuna kazi, Mwalimu."

Jumatatu, Aprili 22

Imenyesha. Kozi ya tano. Inagusa ubao wa matangazo.

Obuya yuko ofisini, mguu juu ya kiti. Nilimpelekea chai nikamkuta na kitabu kikubwa cha shule cha zamani, kile cha ngozi kilichokaa kabatini bila kufunguliwa. Anatafuta kitu cha kuwaonyesha watu wa kaunti. Akaniambia nikae, akanisomea, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili polepole.

Kumbe mwaka ule mji uliogopa tauni. Watu walikufa kule bazaa, na walijua ni panya. Kwa hiyo shule hii ya watoto wa wakubwa ikainuliwa futi tatu juu ya udongo, ili upepo upite chini yake mchana na usiku. Imeandikwa mawe yalikatwa na "vibarua mia mbili," bila jina la hata mmoja. Ukurasa wa mbele una majina ya watoto wa kwanza arobaini, yote kamili, na baba zao wana vyeo gani.

Obuya akasema, "Babu yangu alikuwa kibarua wa mawe mji huu, sijui jengo gani. Hakuwahi kuingia ndani ya hata moja. Siku nilipoletwa hapa kuwa mwalimu mkuu nilizunguka veranda yote peke yangu nikigusa ukuta. Ndiyo maana, Mama Kitonga, nitawaambia waniwekee X mimi kwanza."

Hakupaza sauti. Niligundua huyu mtu hajawahi kuhitaji kupaza.

Kisha akasoma tena. "'Na matundu ishirini na mawili kuzunguka msingi, yenye vyuma, ili upepo uingie na panya wasiingie.'" Akainua macho. "Matundu ishirini na mawili. Mama Kitonga, wewe ndiye umekaa hapa kuliko sisi wote. Yako wapi?"

Sasa andika, Kavindu, usijifiche.

Nilisema, "Sijawahi kuyaona, Mwalimu. Labda waliandika tu, hawakutengeneza."

Naye hakusita hata kidogo. Akachukua simu palepale, akampigia Ajwang. "Injinia, nimepata matundu ya hewa kitabuni, lakini Mama Kitonga anasema hayakuwepo. Na yeye akisema hayakuwepo, hayakuwepo." Nikasikia sauti ya Ajwang upande wa pili, imechoka: "Basi nitaandika mfumo haukukamilika. Siwezi kuitetea, Mwalimu."

Neno langu limekuwa ushahidi wa kuivunja nyumba. Wameliamini kwa sababu maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli usoni, hata wasioutaka.

Jumanne, Aprili 23

Imenyesha. Tano. Sijala.

Jumatano, Aprili 24

Haijanyesha mpaka saa hii. Tano.

Asubuhi nilichukua nyundo ya stoo na patasi, nikaenda chini ya dirisha la tatu upande wa jikoni, nikapiga magoti na kuanza kugonga. Rangi nyeusi ikaruka, plasta ikaruka. Kitonga anachanganya saruji vizuri, nitamsifu na hilo. Nusu saa nimepata shimo la kuingiza kidole kimoja.

Ajwang akafika, kaja kuchukua daftari. Obuya nyuma yake na fimbo. Wakasimama.

"Mama Kitonga, unafanya nini?" Obuya akauliza.

Sikusimama, magoti yalikuwa yameganda. Nikasema, "Nilisema uongo. Matundu yako hapa. Niliyaziba mimi miaka sita iliyopita kwa sababu ya panya, na nikapewa cheti."

Obuya akafungua mdomo. Nikamwambia, "Ukisema pole, Mwalimu, nitakupiga na hii nyundo."

Akafunga mdomo. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka, mpaka akashika ukuta.

Ajwang hakucheka. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye lile shimo. Akasema, "Nani alipiga hii plasta? Fundi gani?" Nikasema, "Plasta ilipigwa kwa amri yangu. Kama ripoti inataka jina, andika Kavindu. Usiandike mwingine."

Akanitazama. Anajua nina mwana fundi, nimemwandikia humu ukurasa wa kwanza. Na ukurasa wa Aprili 8 sikuung'oa, uko hapa, anaposoma hivi anausoma.

"Ripoti yangu ni ya majengo, Mama, si ya watu," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba inapumua mpaka nione inapumua. Nipe tundu moja lililo wazi kesho."

Nikampigia Kitonga. Nikamwambia, "Njoo na grinda ya kukatia saruji na nyundo kubwa. Nimesema." Akauliza, "Umesema jina langu?" "Nimesema langu." Kisha akasema, "Ile kazi ni mkono wangu, mwaitu, mama yangu. Nitakuja niseme mwenyewe."

Alhamisi, Aprili 25

Imenyesha alfajiri, ikakatika. Kozi ya tano.

Kitonga alikuja kabla ya jua, na ovaroli safi kana kwamba anaenda kanisani. Alimwendea Ajwang moja kwa moja. "Injinia, mimi ndiye niliziba. Niliona mashimo sikuuliza mara ya pili." Ajwang akamwuliza, "Ungeambiwa leo uzibe, ungejibu nini?" Akasema, "Ningejibu, tusizibe kitu hatujui ni cha nini." Ajwang akamkabidhi miwani ya kazi. Maneno yaliisha hapo. Mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima ya kumtetea, nikaimeza.

Saa nne tundu la kwanza lilifunguka. Jiwe la mwisho la saruji liliangukia ndani, na kwanza ilitoka pumzi. Naapa. Hewa ya miaka sita, baridi, ya uozo, ikanipiga uso nikarudi nyuma. Halafu ikakoma. Tukangoja. Ajwang akawasha gazeti, akalizima, likabaki linafuka, akalisogeza kwenye tundu.

Moshi ulipanda juu kama kawaida ya moshi. Obuya akashusha pumzi, nikaona mabega yake yanaanguka.

Kisha ule moshi ukapinda. Ukasimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake, ukageuka, ukaingia ndani ya tundu, wote, mwembamba na haraka, kana kwamba kuna mtu chini ya sakafu anauvuta kwa uzi. Tulikimbia ndani, mimi na umri wangu, Obuya na fimbo yake, tukalikuta lile shimo alilolivunja kwa mguu. Moshi ulikuwa unatokea pale, taratibu, unapanda katikati ya ukumbi kupita madirisha marefu, ukiingia kwenye mwanga unakuwa buluu, ukitoka unapotea, mpaka kwenye maua ya dari. Ukaingia kwenye maua. Nikatoka nje uwanjani, nikainua macho juu ya paa. Kwenye kile kibanda, moshi kidogo, kidogo sana, ulikuwa unatoka.

Mia mbili wasio na majina walitengeneza hii. Tumeifunga mdomo miaka sita, nayo kwa tundu moja imekumbuka kazi yake bila kuuliza swali. Nililia pale uwanjani, na sitaki mtu aniulize.

Ajwang amesema ataandika hivi: jengo si bovu, lilizibwa. Ukuta utachukua miezi kukauka, mbao za ukumbi zilizooza zibadilishwe, darasa la tano walio kando ya ukumbi wasomee maktaba mpaka hapo. Lakini watu wa kaunti wanakuja Jumatatu na macho yao, na tundu moja halitawatosha.

Kwa hiyo sikilizeni, na Ajwang usome kwa sauti. Kitonga, yamebaki ishirini na moja, yote yawe wazi Jumapili jioni, uanze upande wa jikoni ambako maji yamepanda zaidi. Vyuma usiweke, vitaibwa kabla ya Krismasi. Mimina matofali ya saruji yenye vitundu vidogo, panya asipite na mnunuzi wa chakavu asiyatamani. Mwalimu, piga picha kila tundu na ubandike ofisini, na chini yake uandike kwa herufi kubwa hili ni la nini, ili mfagiaji atakayekuja baada yangu asipate wa kumdanganya. Na mtu aende stoo sasa hivi akakitoe kile cheti ukutani.